Uwanja wa Wazi Huanzia Pembeni

Waheshimiwa madiwani, walimu wangu, wazee wa mtaa, wanafunzi wa usanifu majengo na wananchi wenzangu, Assalaam aleikum. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna maamuzi ya mchoraji yanavyoathiri uwazi wa uwanja wa umma, nanyi mnafahamu kwa nini: ramani ya uwanja wetu mpya iko mezani, haijapigwa muhuri, na bado inawezekana kuifuta kwa raba. Nashukuru kuitwa wakati huu. Mara nyingi sisi wasanifu huulizwa maoni wakati zege limekwisha kukauka na utepe umekwisha kukatwa, na maoni ya wakati huo hayamsaidii mtu.

Naomba nianze na uwanja nilioshiriki kuuchora mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, katika mji ambao sitautaja. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Katikati tulisimamisha mnara, tukauzungushia minyororo; eneo lote tukalitandika vitofali vya zege vya kijivu; pembezoni tukapanda mitende ya mapambo kwa mstari ulionyooka; na uwanja wote tukauinua kwa ngazi tatu kutoka usawa wa barabara ili upate heshima. Mahali pa kukaa hatukuweka, kwa kuwa aliyetuagiza kazi alihofia kwamba pakiwa na viti watu watalala, nasi hatukubishana naye. Miezi michache baada ya ufunguzi nilipita pale asubuhi ya saa nne. Uwanja mzima ulikuwa na mtu mmoja tu, muuza kahawa, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya kivuli cha mnara, dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vyake ndani ya beseni la maji. Kivuli kile hakikuzidi upana wa mabega yake. Nilinunua kahawa, nikainywa nimesimama juani, na kabla sijamaliza kikombe cha tatu akainuka, akasogeza jiko, akasogeza beseni, akasogeza ndoo, kila kimoja kiasi cha shibiri moja, akaketi tena. Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole kwamba kivuli kinahama naye hukifuata. Kwamba wateja wake wamekwisha kujua wamtafute upande gani kwa saa gani. Na kwamba ikifika adhuhuri kivuli kikamalizika, huacha jiko lake kwa jirani akaenda kuswali.

Sikuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumetengeneza uwazi wa kutosha mechi mbili za mpira, na ndani ya uwazi wote huo binadamu alikuwa amepata mahali pamoja pa kuweka ndoo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja kila ninapofungua karatasi mpya, na ndilo nililokuja nalo leo: huyu mtu atakayekuja hapa bila shughuli maalumu, bila pesa ya kununua chochote, atakaa wapi?

Neno uwazi linatupotosha kidogo. Tukilisikia tunafikiria kitu kinachobaki baada ya majengo kuondolewa, kana kwamba kazi ya msanifu ni kuacha tu, na kwamba kadiri anavyoacha kwingi ndivyo alivyofanya vizuri zaidi. Lakini tazameni namna mtu anavyoingia mahali pasipo na kuta. Hakimbilii katikati. Hupita pembeni, hutafuta pa kuegemeza mgongo, husimama kando ya mti au nguzo, hutazama nani yupo na nani hayupo. Akiisha kutulia ndipo huvuka. Pembeni pakimkataa, katikati hapatampata. Kwa hiyo msanifu anayetaka uwanja wake uwe wazi kwa maana ya kwamba watu watautumia, na siyo kwa maana ya kwamba hauna kitu, lazima atumie muda mwingi zaidi kwenye kingo kuliko kwenye kitovu. Sisi tulifanya kinyume: tuliumaliza mwezi mzima tukichora mnara, na kingo tukazichora alasiri moja.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili bila kulisomea. Tazameni baraza za Mji Mkongwe, Zanzibar. Baraza ni kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani, kwa kimo kinachokaribia goti la mtu mzima na kwa upana unaomwezesha mtu kukaa kitako, kukunja mguu mmoja, na kuweka sinia kati yake na mwenzake. Mwenye nyumba ndiye aliyegharamia mawe, lakini mtaa ndio unaokaa. Mvua ya masika ikijaza vichochoro maji, watu hupita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, bila kulowanisha miguu. Mgeni hupokewa hapo kabla hajakaribishwa ndani, na asiyepaswa kukaribishwa ndani huhudumiwa hapo hapo bila kuvunjiwa heshima. Nami sioni kuwa ni jambo dogo kwamba katika lugha yetu neno moja linatosha kwa kile kikalio cha mawe na kwa Baraza la Wawakilishi.

Mnapokwenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa kule kule Mji Mkongwe, msiende kunywa kahawa tu, nendeni mkapime. Njia kadhaa nyembamba zinakutana pale na kufanya uwazi mdogo ambao kwenye ramani ya mji mtu anaweza kuufunika kwa ncha ya kidole. Kama tungeupeleka mchoro wake kwenye kamati ya leo, nadhani ungerudishwa kwa maelezo kwamba eneo halitoshi. Hata hivyo pana baraza, pana muuza kahawa, pana wacheza dhumna, pana televisheni wakati wa mpira, na pana mabishano ya siasa yasiyokwisha, na mpita njia hupenya katikati ya hayo yote bila mtu kumwona mgeni. Kule Lamu nako, mbele ya Ngome iliyokamilika mwaka 1821, uko uwanja wa Mkunguni, na jina lake linatokana na mti wa mkungu. Soko liko ubavuni, ngome iko nyuma, pwani iko hatua chache mbele, na chini ya miti wamekaa wazee, wachukuzi na watoto wa skuli. Jina hilo linanifundisha mengi. Watu waliouita hivyo walikuwa na ngome mbele ya macho yao, jengo kubwa la serikali, lakini walipotaka kuelekezana wapi wakutane, walitaja kivuli.

Sasa naomba niwapeleke mbali kidogo, New York. Marekani sifanyi kuwa kipimo chetu. Naitaja kwa sababu kule kosa hili lilifanywa kwa sheria, likahesabiwa, kisha likarekebishwa kwa sheria, nasi tunaweza kulisoma bila kulilipia. Mwaka 1958 lilikamilika jengo la Seagram katika barabara ya Park Avenue, lililosanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe pamoja na Philip Johnson. Badala ya kulisogeza jengo mpaka ukingoni mwa njia, walilirudisha nyuma na kuacha mbele yake uwanja wa mawe wenye mabwawa mawili ya maji, ambayo kingo zake, pamoja na ngazi za mbele, zinakalika vizuri kabisa. Watu waliupenda. Serikali ya jiji ikaona kuwa umepatikana mfano, na mwaka 1961 ikapitisha kanuni zilizompa mwenye jengo tuzo: katika maeneo yenye majengo marefu zaidi, kwa kila futi moja ya mraba ya uwanja atakayoiacha wazi chini, aliruhusiwa kujenga futi 10 za mraba za ziada juu, hadi kufikia kikomo kilichowekwa.

Hebu jiwekeni katika nafasi ya mwenye jengo. Kila futi anayoiacha inamrudishia kodi ya pango ya futi 10. Anataka futi hizo, lakini hana haja ya watu watakaokuja kukaa juu yake, maana watu wanahitaji kufagiliwa na kulindwa. Kanuni zilitaja eneo, hazikutaja pa kukaa. Basi yeye akatoa eneo. Viwanja vikaongezeka mwaka hadi mwaka, na vingi vikawa sakafu tupu zenye upepo, vingine vikachimbwa chini ya usawa wa njia, na penye kingo zilizoweza kukalika baadhi ya wenye majengo wakapachika vyuma vyenye ncha ili mtu asithubutu. Kisheria vyote vilikuwa viwanja vya umma, na tuzo ilikuwa imekwisha kulipwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti mmoja, William H. Whyte, alianza kutega kamera juu ya viwanja hivyo na kuhesabu watu kwa subira ya mvuvi. Alikuwa na dhana kadhaa kama tulizo nazo sisi: pengine watu hufuata ukubwa wa uwanja, pengine umbo lake. Hesabu zilizikataa. Palikuwa na viwanja vikubwa vitupu na vidogo vilivyofurika. Kilichoonekana kuhusiana na idadi ya watu ni wingi wa mahali pa kukaa, na watu hawakuchagua sana aina: ngazi, ukingo wa bwawa, ukuta mfupi, chochote chenye kimo cha kati ya futi 1 na futi 3 kilikaliwa. Aliona pia jambo ambalo mimi hupenda kuwasimulia wanafunzi. Palipowekwa viti vinavyohamishika, mtu alipokifikia kiti alikisogeza kidogo, inchi chache tu, kisha akaketi, hata kama kule alikokisogeza hakukuwa na jua zaidi wala kivuli zaidi. Kukisogeza kulimfanya ajione mwenyeji. Muuza kahawa wetu na ndoo yake alikuwa na dharura zaidi, lakini nadhani haki anayoidai ni ile ile: mtu apate kuamua mwenyewe akae wapi.

Mwaka 1975 kanuni zilibadilishwa. Ili mwenye jengo apate tuzo yake, alitakiwa kutoa futi moja ya urefu wa kikalio kwa kila futi 30 za mraba za uwanja, pamoja na miti na masharti mengine. Sentensi moja katika sheria iliwarudishia watu mahali pa kukaa, na ndiyo maana nimewaomba waheshimiwa madiwani wawepo leo, kwa kuwa msanifu peke yake, hata akiwa na moyo wa namna gani, hawezi kushinda masharti ya zabuni ambayo hayakutaja binadamu. Madhara ya miaka ile ya kwanza, hata hivyo, hayakufutika: mwaka 2000 utafiti ulioongozwa na Jerold Kayden ulipitia viwanja 503 vya aina hiyo katika jiji lile, na kukuta kwamba asilimia 41 vilikuwa na manufaa hafifu kwa umma.

Lakini kuna jambo moja la New York ambalo tukilinakili tutaangamia. Kule watu hulifuata jua. Wanapochora uwanja hupima wapi miale itafika wakati wa chakula cha mchana, na uwanja unaofunikwa na kivuli cha jirani huhesabiwa kuwa umepata hasara. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo adhuhuri ukuta hautupi kivuli cha kumfaa hata paka. Mwezi Juni, ukuta wa mita 3 uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi hutoa adhuhuri kivuli cha takriban mita 1.7 upande wa kusini. Desemba kivuli kinakuwa kimehamia kaskazini na hakifiki mita 1. Mchoraji anayemwonyesha mteja picha ya uwanja yenye vivuli virefu na laini vya jioni hasemi uongo, maana jioni hiyo itafika kweli, lakini amechagua saa moja kati ya kumi na mbili.

Kwa hiyo ninaomba, na hili nalisema kwa uzito wote, kwamba mchoro wowote utakaoletwa mbele ya kamati uambatane na mchoro wa kivuli wa saa sita na nusu mchana, ambayo hapa kwetu ndiyo saa jua linapokuwa juu kabisa, kwa siku moja ya Machi, moja ya Juni na moja ya Desemba. Si kazi ya gharama. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya kwa siku moja. Na mkiisha kuuona mchoro huo mtaelewa kwa nini ninapigania miti. Kwa saa zile kali ukuta hautusaidii sana. Kinachotusaidia ni kile kinachotandaza mikono juu ya vichwa vyetu. Mkungu una matawi yanayokwenda ubavuni kama rafu, tabaka juu ya tabaka. Mwembe una giza la baridi chini yake. Mwarobaini hukua upesi na hustahimili kiangazi. Mtende wa mapambo, tunaoupenda kwa sababu unapendeza pichani na mizizi yake haisumbui sakafu, hutupa kivuli kinachokaribiana na cha nguzo ya umeme. Najua pingamizi: miti mikubwa huchukua miaka, huangusha majani, huinua vitofali. Yote ni kweli. Mti huinua vitofali hasa tunapouzibia shina mpaka kooni, ukakosa maji na hewa, ukalazimika kuvitafuta juu juu. Tukiuachia udongo wazi wa kutosha kuuzunguka na tukaweka ukingo wa kukalia kwenye duara hilo, tumepata kivuli, tumepata baraza, na mvua ya masika imepata pa kuzama. Kwa miaka ile ya kusubiri, turubai au paa jepesi la makuti si aibu.

Maadamu nimetaja sakafu, niseme na rangi yake kwa ufupi. Kitofali cheusi kilichokaa juani tangu asubuhi huunguza unyayo wa mtoto na hurudisha joto lake hata baada ya magharibi. Rangi hafifu isiyomeremeta hufaa zaidi. Nimemaliza hapo.

Turudi kwenye kingo, kwa kuwa ndiko kwenye kazi kubwa, na mfano wangu wa karibu ni Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe. Bustani ile ilipangwa kwa ajili ya Jubilii ya Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1936, baada ya Mapinduzi ikaitwa bustani ya Jamhuri, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Watu wa mjini wameendelea kuiita Forodhani, yaani kwenye forodha, kama kwamba majina mengine ni nguo za sikukuu tu. Simameni pale magharibi ikikaribia mtazame jinsi watu wanavyojipanga wenyewe. Upande mmoja ni meza za vyakula, mishkaki na urojo na juisi ya miwa, na moshi wake. Upande wa pili ni ukuta wa bahari. Ukuta ule ni baraza ndefu kuliko zote mjini: mtu anaweza kuukalia akaitazama bahari, na akichoka akageuka, bila kuinuka, akawatazama watu. Maji yakijaa, vijana hupiga mbio kutoka ndani kabisa ya bustani, wakakanyaga ukingo na kujirusha, mmoja akipinduka hewani, mwingine akikunja magoti, na wote walioketi hugeuza vichwa kwa pamoja. Familia hukaa kati ya pande hizo mbili, mama na watoto, bibi na wajukuu zake, kwa sababu wote wanaonekana na wote wanaona. Ule uwazi wa katikati unapata uhai kwa kulishwa kutoka pande mbili. Ukizitoa meza, au ukiuwekea ukuta wa bahari kitalu cha maua ili watu wasiukalie, eneo la wazi halitapungua hata shibiri moja, lakini bustani itakuwa imekufa.

Ndiyo maana nahofia uzio. Katika mchoro ulioko mezani nimeona uzio wa chuma wa kuzunguka uwanja wote, geti moja upande wa barabara kuu, na ngazi nne za kupanda. Najua nia ni njema. Nia ni usalama. Naomba tukumbuke kilichotokea katika bustani ya Bryant, kule kule New York. Ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, imezungushiwa uzio na miti ya ua mizito, na milango yake ilikuwa michache. Katika miaka ya 1970 ilitekwa na wauza dawa za kulevya, kwa sababu aliyekuwa ndani hakuonekana na aliyekuwa nje hakuona. Ilipofungwa kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 1992, ua ule mzito ulikuwa umeondolewa, njia za kuingilia zimeongezwa, na viti vya kuhamishika vimetawanywa kwa wingi, na sasa ni miongoni mwa bustani zinazopendwa zaidi jijini humo. Uzio haukuwa umeleta usalama. Ulikuwa umewapa wahalifu faragha.

Whyte aliligundua jambo lingine ambalo sisi tunapaswa kulizingatia zaidi kuliko wao. Aliona kwamba wanawake ni wachaguzi zaidi kuhusu mahali pa kukaa, na kwamba uwanja ambao idadi ya wanawake ni ndogo isivyo kawaida ni uwanja wenye kasoro. Mwanamke anayepita na watoto jioni huangalia kwanza pa kutokea. Penye geti moja, akimwona mtu asiyempenda amesimama getini, hataingia, na wala hatatuandikia barua ya malalamiko. Atapita njia nyingine maisha yake yote. Kwa hiyo mtu akiniuliza uwanja huu uwe na njia ngapi za kuingilia, nitamjibu kwamba kila kichochoro kinachoufikia kiendelee kupita ndani yake. Na kila ngazi mnayoiona kwenye karatasi, mtazameni mzee mwenye mkongojo, muuza madafu na baiskeli yake, na mwenye kiti cha magurudumu. Ngazi nne hazimzuii kijana, wala hazimzuii mhalifu. Uwanja ukiwa sawasawa na njia, mtu hujikuta ameshaingia kabla hajaamua kuingia, na hivyo ndivyo uwanja unavyopata wenyewe.

Nimesikia pia pendekezo la kuweka mabenchi yenye vyuma vya kugawa katikati, ili mtu asiweze kujinyoosha. Hapa natofautiana na wenzangu waziwazi. Chuma kile hakimchagui mlevi. Kinamkataza mama kumlaza mtoto aliyesinzia, kinamkataza mchukuzi kuupumzisha mgongo saa nane mchana, na kinawakataza watu wawili kuweka kikapu kati yao. Mtu aliyelala mchana chini ya mti kwenye uwanja wa umma hajavunja kitu. Kama idadi ya wanaolala usiku itakuwa kubwa, basi tuna tatizo la makazi na tulizungumze katika kikao cha makazi, wala tusilitupie benchi.

Kuhusu wachuuzi nitasema machache yaliyo wazi. Watakuja, tukiwachora tusiwachore. Tofauti ni kwamba tukiwachora watapata sakafu inayooshwa, bomba la maji, mfereji wa maji machafu, mahali pa kumwaga jivu na taa ya kutosha. Tusipowachora watapata mgambo, nasi tutapata mafuta ya kukaangia kwenye vitofali vipya na hoteli upande wa pili zitakazotuuliza kwa nini. Mama lishe anapopangiwa upande wenye upepo unaopeleka moshi barabarani badala ya kuupeleka kwenye vikalio, ametunzwa yeye na ametunzwa mteja. Na upepo wetu tunaujua, kusi inakotoka na kaskazi inakotoka, hatuhitaji mtaalamu wa kigeni kutuonyesha. Pembe ya kusini magharibi ya eneo letu inapata upepo wa bahari na iko karibu na kituo cha daladala. Wachuuzi wamekwisha kuichagua, wanakaa pale kila jioni. Mchoro wa sasa umeweka hapo maegesho ya magari 18.

Na mnara uliomo katikati ya mchoro huu, je? Sipingi mnara. Mji una haki ya kukumbuka, na mtoto ana haki ya kuuliza lile jiwe ni la nini. Ninachoomba ni kwamba usogezwe kutoka katikati mpaka pembeni, upewe kitako kipana cha ngazi mbili tatu zinazokalika, minyororo iondolewe, na mkungu upandwe upande wake wa magharibi. Mtu ataukumbuka zaidi mnara alioegemea wakati akisubiri rafiki kuliko ule alioutazama kwa mbali kupitia minyororo. Katikati pabaki patupu kweli, pasipo hata chungu cha maua, ili siku ya Maulidi, siku ya mkutano wa hadhara, siku ya harusi inayopita na beni, pawe na pa kusimama. Na siku za kawaida watoto wapate pa kupigia mpira wao wa matambara huku watu wazima wakiwatazama kutoka pande zote nne.

Najua yote haya yanaongeza kazi kwenye karatasi ambayo wengi walidhani imekamilika, na najua mkandarasi anasubiri. Hesabu niliyoifanya na wanafunzi hawa inaonyesha kwamba kuondoa uzio, geti na ngazi kutatupa sehemu kubwa ya fedha za vikalio na miti, lakini sitaki mniamini kwa maneno. Kesho saa sita mchana nitakuwa pale uwanjani pamoja nao. Tutakuwa na kamba, vigingi na ndoo mbili za chokaa. Tutachora ardhini, kwa vipimo vyake halisi, ngazi ziko wapi, uzio uko wapi, vikalio viko wapi na mnara uko wapi, na ifikapo saa sita na nusu tutachora kivuli cha kila kitu kilichosimama. Nimekwisha kumwomba mmoja wa wauza kahawa wa pale kituoni aje na dele lake. Nawaomba waheshimiwa madiwani mje, kila mmoja achague pa kukaa ndani ya mchoro huo wa chokaa, akae hapo mpaka amalize vikombe vitatu, halafu turudi humu ukumbini tuifungue upya ramani.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.